Kitovu kuvuja damu si kosa la mkunga kila mara
Huku kwetu, kuanzia Tukuyu hadi Makete, kitovu cha mtoto mchanga kikivuja damu lawama humwangukia mkunga: eti amefunga vibaya. Wakati mwingine ni kweli. Lakini damu ikirudi tena na tena siku kadhaa baadaye, huenda mtoto kazaliwa na upungufu wa protini ya kugandisha damu, hasa ile iitwayo fakta ya 13. “Mbona ukoo wetu hauna ugonjwa huo?” Hiyo si hoja. Baba na mama huweza kuubeba wakiwa wazima kabisa. Mtoto huugua akirithi nakala mbovu ya jeni kwa wote wawili.

Maabara nayo huhadaa. Vipimo vya kawaida vya muda wa damu kuganda hutoka safi, kwa kuwa fakta ya 13 hufanya kazi baada ya damu kuganda: hukaza bonge lisimeguke. Lazima ipimwe yenyewe. Fakta ya 9, protini nyingine ya kugandisha damu, huhadaa kinyume chake: kila mtoto mchanga anayo kidogo, hivyo ikionekana imepungua kiasi, hupimwa tena akifikisha miezi 6 hivi.

Na sampuli, jamani, ichukuliwe kabla ya kuongezewa damu au plazma (majimaji ya damu). La sivyo mtapima damu ya mchangiaji.