Wakristo wa Korea wanavyowakumbuka wazazi waliofariki

Ukristo wa Korea unapotajwa, wengi hufikiria maombi ya alfajiri, au kanisa zima likiomba kwa sauti kwa wakati mmoja. Mimi ninayefundisha historia ya liturujia huanzia sebuleni, siku familia inapokumbuka kifo cha mzazi.

Katika desturi ya Kikonfyushasi, yaani inayofuata mafundisho ya Confucius wa China, iitwayo jesa, mtoto wa kiume wa kwanza huongoza. Meza huandaliwa wali, supu, samaki, matunda na pombe kwa ajili ya marehemu, kisha watu husujudu. Kuacha kufanya hivyo kulihesabiwa kuwa ni kumtupa mzazi, na dola nayo ilililinda jambo hilo kwa upanga. Mwaka 1791, Mkatoliki Yun Ji-chung, aliyekuwa amechoma vibao vyenye majina ya mababu na kumzika mama yake bila matambiko, aliuawa mjini Jeonju pamoja na binamu yake Kwon Sang-yeon. Kanisa la Roma, lililokuwa limewakataza Wakatoliki matambiko hayo, lilianza kulegeza katazo lake miaka ya 1930 tu.

Wamisionari wa Kiprotestanti walioingia miaka ya 1880 nao walikataza jesa. Lakini mtu aliyefiwa na mama hawezi kuipitisha siku ile kimya, na kabla karne haijaisha Wakristo wa Korea wenyewe walikuwa wameanza ibada ya nyumbani: chudo yebae, yaani ibada ya kumkumbuka marehemu. Hilo ndilo linalonigusa zaidi. Waumini waliitunga kwanza kwa sababu ya uchungu wao, na vitabu vya ibada vya madhehebu vikaja kuipokea baadaye.

Huimbwa wimbo, likasomwa Neno, likatolewa fundisho fupi. Kisha watoto na wajukuu husimulia marehemu alivyoishi na alivyoamini. Sehemu hii isiharakishwe, kwa maana ndiyo inayochukua nafasi ya kusujudu. Chakula huja mwishoni, na ni cha walio hai. Binti na mkwe, ambao katika jesa kazi yao kubwa ilikuwa jikoni, hapa huketi, huomba na husimulia.

Wapo wachungaji wasiotaka hata picha ya marehemu iwekwe mezani, wakihofu jesa itarudi kwa mlango wa nyuma. Naielewa hofu hiyo, ila sikubaliani nao. Maombi yote ya ibada hii huelekezwa kwa Mungu, na marehemu haombwi chochote. Picha inawasaidia wajukuu ambao hawakuwahi kumwona.