DX7 ndani ya laptopu: yanayosemwa na yaliyomo

Nikimwambia mtu kwamba ile piano ya umeme ya nyimbo za mapenzi za miaka ya 1980 naitoa kwenye laptopu, bila kinanda cha Yamaha DX7 chumbani, jibu huwa moja kati ya mawili. Mmoja atasema, "Kumbe wameirekodi." Mwingine atakunja uso: "Hiyo kopi tu, haina joto la orijino." Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: hawajui mle ndani ya DX7 mlikuwa na nini.

Mlikuwa na hesabu. Basi.

Tuanze na jina la hesabu hiyo, FM (frequency modulation, kutikisa masafa ya wimbi), maana hata hapo watu huteleza. Ukisema FM, wengi wanaiona redio. Undugu upo, lakini wa mbali. Mwaka 1967 John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikuwa akichezea mtikisiko wa sauti, ule ambao mwimbaji huutia mwishoni mwa mstari. Akawa anauongeza kasi. Sauti ikitikiswa mara sita kwa sekunde, sikio linausikia mtikisiko. Ikitikiswa mara mia mbili, sikio linashindwa kuhesabu na kusikia kitu kingine kabisa: kengele, tarumbeta, mti uliogongwa. Redio hutumia hesabu hiyohiyo kubebesha sauti kwenye mawimbi ya megahezi, ambayo hakuna sikio linaloyasikia. Chowning aliyaweka mawimbi yote mawili, linalotikisa na linalotikiswa, ndani ya masafa ya masikio yetu. (Kwa wapenda ubishi wa kifundi: chipu za Yamaha husogeza awamu ya wimbi, si masafa yake. Jina la FM limebaki kwa mazoea.)

Stanford wakaipa Yamaha leseni, na mwaka 1983 ikatoka DX7. Ina opereta sita, yaani mashine sita ndogo ambazo kila moja inatoa wimbi laini la sini na kulikuza au kulififisha kwa muda uliopangiwa. Kuna mipango 32 ya kuziunganisha: nani amtikise nani, na nani atoke nje asikike.

Sasa turudi kwa yule wa rekodi. Sauti moja ya DX7 ni orodha ya namba tu: opereta huyu azunguke kwa kasi gani, aanze kwa nguvu gani, afifie baada ya muda gani. Ikibanwa, orodha hiyo inakaa kwenye baiti 128. Benki nzima ya sauti 32 ni baiti 4,096, na ukiongeza kichwa na mkia wa ujumbe wa sysex (njia ya vinanda kutumiana mipangilio yao) unapata faili la baiti 4,104. Ukitaka kujaza nafasi hiyo kwa rekodi ya ubora wa CD, hata ya mono (chaneli moja), haitafika sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Chafya yenyewe haiingii.

Chukua E.PIANO 1, sauti iliyochosha redio za dunia nzima. Inatumia mpango namba 5: jozi tatu, kila jozi na mtikisaji na mtikiswaji wake. Katika jozi moja mtikisaji anazunguka mara 14 ya noti unayopiga, kisha anakufa haraka. Ile "ting" ya mwanzo, kama nyundo ndogo imegusa chuma, ndiyo yeye. Jozi nyingine zinabeba mwili wa noti. Programu ya bure kama Dexed ikifungua faili la sysex la kinanda hicho, haiigi sauti iliyoisikia mahali. Inapika kwa mapishi yaleyale.

Yule wa "joto la analogi" ndiye anayenichekesha zaidi. Kuiga sinthesaiza (vinanda vinavyotengeneza sauti kwa umeme) za transista, kama zile za Moog, ni kazi ngumu kweli, kwa sababu umeme wake huyumba na joto la chumba. Lakini DX7 ni dijitali tangu kidole kinapogusa kibao hadi kwenye kigeuzi kinachozifanya namba kuwa umeme. Analogi inaanzia hapo, mlangoni, ikiwa inatoka.

Na hesabu zenyewe tunazijua, kwa sababu kuna watu waliozifungua chipu. Yamaha walikwepa kuzidisha, kazi iliyokuwa ghali kwa chipu za enzi hizo. Wakaweka jedwali la logi za sini. Namba zikijumlishwa, jedwali la pili linazirudisha. Ndiyo hila ya vitabu vya logi tulivyokuwa navyo shuleni, ila imechongwa kwenye silikoni. Matthew Gambrell na Olli Niemitalo waliifungua YM3812, chipu nyingine ya FM ya Yamaha, ya kadi za sauti za kompyuta: AdLib ya mwaka 1987 na Sound Blaster, wakasoma jedwali lake: namba 256 za robo ya wimbi. Robo tatu zilizobaki ni robo hiyohiyo ikigeuzwa kama kwenye kioo. Mwaka 2021 Ken Shirriff akaipiga picha kwa hadubini chipu ya DX7 yenyewe na kueleza saketi zake. Ukishakuwa na majedwali, programu inaweza kutoa namba zilezile, moja baada ya nyingine.

Hapo wengine huruka hadi upande wa pili: kama ni hesabu, basi programu zote ni sawa. Hapana. Uliza waliokulia kwenye Mega Drive, mashine ya michezo ya Sega. Chipu yake ya FM kutoka Yamaha, YM2612, ina kigeuzi cha biti 9 tu, na kigeuzi hicho kina kasoro pale wimbi linapovuka sifuri, hivyo sauti ndogo zinatoka na mkwaruzo. Watunzi waliisikia michezo yao pamoja na mkwaruzo huo. Programu inayousafisha inatoa kitu kitamu ambacho si Mega Drive. Programu ya Nuked OPN2, inayoifuata chipu hatua kwa hatua, inauacha. Dexed nayo ina injini tatu, moja ya kisasa na safi, nyingine iitwayo Mark I inayofuata ufinyu wa namba za kinanda cha kwanza. Jaribu zote mbili kwenye noti inayofifia polepole. Nadhani asilimia kubwa ya "joto" linalosifiwa ni vumbi la kigeuzi cha biti chache, na silidharau vumbi hilo.

Kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya halihusu chipu hata kidogo. Mara ya kwanza nilipofungua E.PIANO 1 kwenye laptopu ilinililia kama kijiko kwenye glasi. Nikailaumu programu wiki nzima. Kumbe vibao vya DX7, hata ukivipiga kwa hasira, havitumi nguvu hadi 127, kikomo cha MIDI (lugha ya vinanda na kompyuta kuelewana), na sauti zake zilipangwa kwa mikono iliyokuwa kwenye vibao hivyo. Kinanda changu cha bei nafuu kilikuwa kinafika 127 kwa kila noti niliyoikazia kidogo, na nguvu ya kidole ndiyo inayomwamsha yule mtikisaji wa mara 14. Nikashusha mkunjo wa nguvu kwenye mipangilio. Piano ikarudi.

Kuhusu uhalali wa kuiga FM yenyewe, hataza ya Stanford ilitolewa 1977 na muda wake ukaisha katikati ya miaka ya 1990.

Na kwa anayedhani inahitajika kompyuta kubwa: injini ya Dexed ilitokana na kazi ya Raph Levien, aliyeiandika kwa ajili ya simu za Android. Simu na FM ni wenyeji wa siku nyingi. Kama mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa na moja ya zile Samsung za kukunja, zenye milio ya mafaili ya .mmf, huenda ulitembea na sinthesaiza ya Yamaha mfukoni. Chipu ya MA-3 ilipiga hadi sauti 40 kwa mpigo, 32 zikiwa za FM, ingawa kwa opereta wachache zaidi. DX7 iliishia 16.