Je, wajua kwamba asilimia 16 za serikali mgodini si asilimia 16 ya dhahabu?

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba serikali ya Tanzania ikiwa na hisa asilimia 16 katika mgodi wa kampuni ya kigeni, basi kati ya kila kilo 100 za dhahabu zinazochimbwa, kilo 16 ni zake. Nilikosea, na nimekuta kosa hilohilo kwa watu wengi makini, kwa hiyo linastahili kufafanuliwa kwa utulivu.

Hisa hizo zilitokana na marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini ya 2010, yaliyofuata zuio la kusafirisha makinikia (mchanga wenye madini) nje ya nchi. Huitwa hisa zisizofifishwa: serikali hailipii chochote kuzipata, na hata mtaji wa kampuni ukiongezwa, sehemu yake haipungui.

Lakini hisa ni haki juu ya kinachobaki, wala si juu ya kinachochimbwa. Tuchukulie kwamba una kiwanja chenye maji chini yake, na mgeni mwenye mtambo anakuja kuchimba kisima ili auze maji. Mnakubaliana mambo mawili: akulipe ada kwa kila ndoo inayouzwa, na uwe na hisa 16 kati ya 100 za biashara hiyo. Ndoo ya kwanza ikiuzwa, ada yako inatoka papo hapo, hata kama mgeni huyo bado anapata hasara. Hisa zako husubiri. Kwanza hulipwa dizeli ya pampu, mishahara na vipuri, kisha mkopo uliotumika kuchimba kisima, ambao huenda mgeni aliukopa kwa kampuni mama yake mwenyewe, pamoja na riba, kisha kodi. Tuseme mauzo ni shilingi 100, na baada ya yote hayo zimebaki 10. Hisa zako zitakupa shilingi 1 na senti 60, wala si shilingi 16.

Ada ya kila ndoo ndiyo mrabaha. Kwa dhahabu, marekebisho ya 2017 yaliupandisha kutoka asilimia 4 hadi 6 ya thamani ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama, na ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ndiyo maana mgodi unaweza kuilipa serikali mrabaha kwa miaka mingi bila kutoa gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, hata mara moja, na jambo hilo peke yake si ushahidi wa udanganyifu. Wala si ushahidi wa uaminifu: gharama zilizokuzwa, au riba kubwa kwa kampuni ndugu, hupunguza kinachobaki kwa namna ileile ambayo gharama halali hukipunguza.

Kosa la pili linahusu maneno "nusu kwa nusu", ambayo wengi huyaelewa kama mgawanyo wa umiliki wa migodi. Makubaliano ya serikali na Barrick, kampuni ya Kanada ya kuchimba dhahabu, yaliyotiwa saini Januari 2020, yaliunda kampuni ya Twiga kusimamia migodi ya Bulyanhulu, North Mara na Buzwagi, Barrick ikiwa na asilimia 84 na serikali 16. Nusu inayotajwa ni ya manufaa ya kiuchumi, ambamo upande wa serikali hujumlishwa kodi, mrabaha, ada na gawio. Umiliki wenyewe unabaki 84 kwa 16. Gawio la kwanza lilionyesha hesabu hiyo waziwazi: Oktoba 2020 Twiga ilitoa dola milioni 250, na serikali ikapokea milioni 40.

Kwa maoni yangu, chenye thamani kubwa kuliko gawio hilo ni viti vya serikali katika bodi za Twiga na za migodi hiyo. Mwenye ada peke yake huhesabu ndoo tu, ilhali mwenye kiti huona bajeti ya dizeli, mikataba ya manunuzi na masharti ya mkopo kabla havijapitishwa, na anaweza kuuliza kwa nini pampu imenunuliwa kwa bei hiyo.