Gari Lililobadilishwa Kila Kitu

Sisi tunaofundisha falsafa hapa Moshi, somo la kwanza huanzia gereji. Chukua Land Rover inayopeleka wageni geti la Machame, la kupandia Mlima Kilimanjaro. Mwaka huu imebadilishwa injini, mwakani bodi, baadaye gia, mwisho chesisi yenyewe. Je, ni gari lile lile? Mwenye gari atasema ndiyo. Fundi atacheka.

Swali ni la kale. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, alilisimulia kuhusu meli ya Theseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, ambayo Waathene waliitunza kwa kung'oa mbao zilizooza na kupachika mpya. Mwaka 1655 mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes akalikoroga zaidi: je, kama mtu angeziokota mbao kuukuu zote na kuziunga upya? Kwa hapa kwetu, ni saidia fundi aliyekusanya vyuma nyuma ya banda hadi akapata Land Rover ya pili. Magari mawili hayawezi kuwa gari moja. Hiyo ni mantiki tu. Lakini lipi ndilo lile?

Hapo ndipo penye metafizikia, tawi la falsafa linalouliza kuwapo ni nini, na kitu hubakije kile kile huku kikibadilika. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle (384–322 KK) hakulijua jina hilo. Yeye aliita kazi hiyo falsafa ya kwanza. Kwake kitu si maada peke yake bali maada iliyoshika umbo. Jibu hilo linampendelea mwenye gari, maana vyuma vimebadilika lakini umbo limebaki, ingawa Aristotle mwenyewe alipenda zaidi mifano ya viumbe hai.

Matawi mengine huingia bila hodi. Ukihoji kama kadi ya gari ni ushahidi tosha, uko kwenye epistemolojia, tawi linalouliza tunajuaje tunachojua. Ukiliuza na kumficha mnunuzi habari ya chesisi, hiyo ni etika, tawi la mema na mabaya, na pengine polisi. Estetiki, tawi la uzuri, naiacha.

Swali likigeukia mtu, linauma. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika mwaka 1694 kwamba nafsi, yaani yule “mimi” anayejitambua, hubaki ile ile kwa ufahamu unaofikia matendo yake ya nyuma, si kwa mwili. Sasa mzee aliyesahau hata majina ya wanawe je? Uchaggani Desemba ikifika watapanda kumwona vilevile, na watamwita baba. Mfuasi wa Locke atasema aliyebaki ni binadamu yule yule, yaani mwili ule ule ulio hai, siyo nafsi ile ile, maana Locke alivitenganisha viwili hivyo. Basi amuulize binti anayemnywesha uji: anamnywesha yupi?