Kambi ya Agosti: timu ya chuo inapoanza upya na makocha wapya

Katika futiboli ya vyuo vya Marekani, ile inayochezwa kwa helmeti na mpira wenye ncha mbili, kambi ya kabla ya msimu ni takriban wiki nne za mazoezi. Huanza mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti na kwenda hadi mechi ya kwanza, mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba. Aliyezoea habari za kambi za Simba, Yanga au Gor Mahia atadhani jambo hili analijua. Lakini huku hakuna mechi za kirafiki. Timu ya chuo hushindana na nafsi yake mwezi mzima, kisha inaingia moja kwa moja kwenye mechi yenye hesabu, na msimu wa kawaida una mechi 12 tu.

Ndiyo maana mazoezi yenyewe hufuatiliwa kwa hamu kubwa, hasa pale makocha wanapokuwa wapya na hakuna video za msimu uliopita za kuonyesha timu itachezaje. Vyuo vingi huwaruhusu waandishi dakika chache za mwanzo, wachezaji wakiwa bado wananyoosha viungo, halafu mageti hufungwa. Vingine huweka siku moja ya wazi kwa mashabiki.

Aliyepata nafasi ya kukaa mpaka mwisho ataona mazoezi yamekatwakatwa katika vipindi vya dakika chache. Honi inalia, kila kundi linahama mbio. Huanza na mafunzo ya kila nafasi peke yake: wa mstari wa mbele wanajifunza miguu na mikono, walinzi wa nyuma wanajifunza kugeuka na kukimbia. Kisha hufuata saba kwa saba, bila wale wa mstari wa mbele, ili pasi zipigwe bila msukumano. Mwisho ni kumi na moja kwa kumi na moja. Kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua uende wapi, huvaa jezi ya rangi ya pekee, na rangi hiyo maana yake ni kwamba haruhusiwi kuangushwa.

Hapo ndipo watazamaji wengi hupotea. Mpokeaji akidaka pasi ya yadi 40, uwanja mzima unashangilia. Lakini mlinzi aliyeachwa nyuma ni wa timu hiyohiyo. Je, mmepata mpokeaji hodari, au mna mlinzi dhaifu? Mazoezi hayawezi kujibu. Na kwotabeki asiyeguswa anaweza kusimama na mpira sekunde mbili zaidi ya zile ambazo angepewa na mpinzani wa kweli. Sifa za Agosti zinazojengwa juu ya pasi moja nzuri mimi siziamini.

Kinachostahili kutazamwa ni mafundisho. Mchezaji akikosea, kocha wa nafasi yake anamfanyia nini? Anayefoka tu na kugeuza mgongo hajafundisha kitu. Anayemshika bega, akamwonyesha mguu ulipaswa kukanyaga wapi, kisha akamrudisha kwenye zamu inayofuata, huyo anajenga timu. Tazama pia zamu zenyewe: nani anaingia na kikosi cha kwanza, nani ameshushwa cha pili tangu juzi. Kocha mpya hana deni kwa nyota wa jana, na mgawanyo wa zamu husema kweli kuliko mahojiano yake.

La tatu ni lugha, na naliona ndilo zito kuliko yote. Kila kocha ana majina yake ya mipango, ishara zake za mikono, namna yake ya kupanga safu. Agizo moja la mchezo linaweza kuwa na maneno mengi, na kila neno linamhusu mtu fulani. Tangu 2024 sheria za daraja la juu zinaruhusu redio ndani ya helmeti ya mchezaji mmoja kwa kila upande, lakini sauti hukatwa saa inayohesabu muda wa kuanzisha kila mchezo ikibakiza sekunde 15. Kuanzia hapo vijana wako peke yao. Ukiona wachezaji wanatazamana, wananyoosheana vidole, mmoja anahama upande dakika ya mwisho, ujue lugha mpya bado haijaingia, hata kama mpira ule uliishia vizuri.

Mifano miwili inaonyesha uzito wa lugha hiyo. Chuo cha Indiana kilimaliza 2023 kwa ushindi 3 na vipigo 9. Kocha mkuu Curt Cignetti alipoajiriwa kutoka chuo cha James Madison, alikuja na waratibu wake wa ushambuliaji na ulinzi, pamoja na kundi la wachezaji waliokwisha kucheza chini yake. Kwa hiyo kambi ya 2024 ilikuwa na makocha wapya kwa Indiana, lakini tayari ilikuwa na vijana wanaoijua lugha na kuweza kuwafundisha wenzao. Msimu ule ulikwisha kwa ushindi 11 na vipigo 2. Chuo cha North Carolina kilimwajiri Desemba 2024 Bill Belichick, aliyetwaa mataji sita ya Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, akiwa kocha mkuu wa New England, na kambi ya 2025 ikajaa wachezaji wapya takriban 70. Mechi ya kwanza dhidi ya chuo cha TCU walifunga katika shambulizi lao la mwanzo, kisha wakapigwa 48 kwa 14. Kugeuza wageni wengi namna hiyo kuwa timu moja kwa muda mfupi ni kazi ngumu mno, hata kwa kocha wa sifa zile.

Zamani kocha mpya alijitambulisha kwa ukali. Mwaka 1954 Paul "Bear" Bryant aliwapeleka vijana wa chuo cha Texas A&M kwenye mji mdogo wa Junction, ndani ya ukame mkali, akawafanyisha mazoezi siku kumi bila kuwaruhusu maji uwanjani. Wengi walikimbia. Mwaka 1956 timu ilimaliza bila kushindwa, na kwa miongo watu wakasema mateso yale ndiyo yaliyozaa mafanikio. Sikubaliani nao. Msimu wa 1954 wenyewe timu ilishinda mechi moja ikapoteza tisa, na John David Crow, nyota wa baadaye aliyetwaa mwaka 1957 Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, hakuwepo Junction kabisa. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wakati ule hao hawakuchezea timu kuu.

Leo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kimeweka mipaka. Mazoezi mawili ya kugongana kwa siku moja yalipigwa marufuku 2017. Kanuni za 2021 ziliweka siku saba za kuzoesha mwili, zikianza kwa helmeti tu kabla ya pedi za mabega na vazi kamili, na zikapunguza mazoezi ya vazi kamili yenye kugongana hadi tisa. Joto bado linaua. Jordan McNair wa Maryland alipatwa na kiharusi cha joto kwenye mazoezi ya mbio Mei 2018, akafariki Juni akiwa na miaka 19, na chuo kilikiri kwamba hakikumhudumia ipasavyo. Kwa hiyo ukifika uwanjani, kabla ya kumtafuta kwotabeki, angalia kama pipa la maji ya barafu la kumpoza aliyezidiwa na joto liko karibu na kama wahudumu wa afya wana mamlaka ya kusimamisha zoezi mbele ya kocha mpya.

Siku kumi hivi kabla ya mechi, sura ya mazoezi hubadilika. Wachezaji wasio kwenye vikosi viwili vya juu huunganishwa kuwa kikosi cha kuigiza, nao huanza kucheza kwa mipango ya mpinzani wa kwanza, wakisoma michoro kwenye kadi zinazoinuliwa na makocha wasaidizi. Ukiziona kadi hizo, ujue kambi imekwisha na maandalizi ya mechi yameanza.