Kikomo cha VAT hakipimwi kwa faida
Mafundi wengi waliojiajiri nchini Uingereza huamini kwamba kikomo cha kujisajili kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambacho tangu Aprili 2024 ni pauni 90,000, hupimwa kwa faida ya mwaka wa kodi. Sivyo. Huhesabiwa mauzo yote yanayotozwa kodi, yakiwemo ya mabomba na vigae ambavyo fundi amevinunua na kumlipisha mteja, kwa miezi 12 iliyopita, na hesabu hurudiwa kila mwisho wa mwezi. Aliyechelewa hudaiwa kodi tangu siku aliyopaswa kusajiliwa, hata kama hakuitoza: katika ankara ya zamani ya pauni 1,200, pauni 200 ni za serikali, isipokuwa mteja akubali kuongeza, jambo gumu kwa mwenye nyumba aliyekwisha lipa. Afueni, ambayo husahaulika, ni kwamba VAT aliyolipia vifaa vya kazi hizo hupunguzwa kwenye deni hilo, mradi ankara zake zipo.