Kuchemsha Maji Kuna Kazi Yake, na Kuondoa Floridi Si Kazi Hiyo

Hakuna mwezi unaopita bila mtu kupokea majibu ya maabara yanayoonyesha kwamba maji ya kisima chake kipya yana floridi (madini ambayo yakizidi hudhuru meno na mifupa) miligramu 3 au 4 kwa lita, ilhali mwisho unaokubaliwa ni 1.5, akayasoma kwa utulivu, kisha akaniambia, "Basi si neno, mtaalamu, tutakuwa tunayachemsha." Juzi aliyesema hivyo alikuwa msimamizi wa shule ya bweni, mtu msomi, ambaye watoto mia kadhaa wanakunywa kutoka katika kisima hicho kimoja. Nimefanya kazi ya ubora wa maji kwa muda mrefu katika ukanda huu wa Mlima Meru na Kilimanjaro, na nimechoka kulijibu jambo hili kwa mdomo, mlangoni, mwenzangu akiwa tayari ameshika funguo za gari. Nalijibu hapa kwa urefu.

Kuchemsha huua, na kazi yake huishia hapo. Vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, virusi na amiba havistahimili maji yanayotokota, na hilo ni kweli hata hapa Arusha mjini, ambako kwa sababu ya mwinuko wa mita 1,400 hivi maji hutokota kwenye nyuzi joto 95 badala ya 100. (Wapo wanaosisitiza kwamba kwa sababu hiyo sisi wa nyanda za juu tuchemshe kwa nusu saa nzima, huko ni kumaliza mkaa bure.) Floridi, hata hivyo, haina uhai wa kupoteza. Ni madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, na maji yanapotokota kinachopaa kuwa mvuke ni maji peke yake, wakati floridi hubaki chini ikiwa ile ile katika maji machache zaidi. Chukua lita 5 zenye miligramu 3 kwa kila lita, ziache kwenye sufuria isiyo na mfuniko mpaka zibaki lita 4, na sasa kila lita ina miligramu 3.75. Kila mpishi anajua kwamba mchuzi uliosahauliwa jikoni huzidi chumvi. Sijui kwa nini maarifa hayo huishia kwenye mchuzi.

Chanzo cha imani hii nakifahamu, nacho si ujinga. Anayesugua birika na kukuta ukoko mweupe huamini kwamba uchafu umetoka kwenye maji ukabaki kwenye chuma, na kwa sehemu ana haki, kwa kuwa kalsiamu iliyomo katika maji magumu hujitenga kweli kwa joto ikawa chokaa. Tatizo ni kwamba maji yenye floridi nyingi katika ukanda wetu mara nyingi ndiyo yenye kalsiamu kidogo, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu jambo hili huachwa katika maelezo mengi na ndilo linalotupotosha kuliko yote. Miamba yetu ni ya volkano. Maji ya mvua yanapopenya ndani yake hubeba sodiamu, bikaboneti na floridi. Kalsiamu ingekuwapo kwa wingi ingeungana na floridi na kutengeneza madini yasiyoyeyuka kwa urahisi, na floridi ingebaki ardhini; kalsiamu inapokosekana, hakuna kinachoizuia. Matokeo yake ni maji maangavu, laini, yanayotoa povu kwa kipande kidogo cha sabuni, ambayo wafuaji huyasifu na wenye nyumba za wageni huyatangaza. Sifa hizo zote ni za kweli, na katika ukanda huu ni sifa zinazonifanya nipime floridi kwanza kabla ya kitu kingine. Katika maeneo kama Ngarenanyuki na Maji ya Chai nimeona maji ambayo jicho haliwezi kuyatia dosari yoyote, na mtoto hapaswi kuyanywa.

Nikifika hapo huja swali la pili: "Mbona mimi nimeyanywa miaka yote na meno yangu ni meupe?" Ulihamia ukiwa mtu mzima. Meno ya kudumu hutengenezwa ndani ya taya katika miaka minane hivi ya kwanza ya maisha, na floridi iliyozidi huvuruga ugumu wa tabaka la nje wakati huo tu. Jino lililokwisha kuota haligeuki rangi kwa sababu hiyo. Ndiyo maana alama za kahawia kwenye meno ya waliokulia hapa haziondoki kwa mswaki, na ndiyo maana kuwalaumu vijana wetu kwamba hawapigi mswaki ni uonevu. Mifupa ni habari nyingine. Yenyewe hukusanya floridi maisha yote, na kwa kiwango kikubwa kwa miaka mingi huleta maumivu ya viungo na ulemavu, hata kwa aliyehamia akiwa mkubwa mwenye meno yake meupe.

Sasa niseme mambo yanayonisumbua mimi mwenyewe. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kilichokubaliwa nchini kwetu kilikuwa miligramu 4 kwa lita, kwa sababu vyanzo vya maji vilikuwa vichache na kiu haingoji. Leo ni 1.5, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Maana yake ni kwamba kuna visima ambavyo wataalamu waliviidhinisha kwa nia njema na ambavyo leo wasingeviidhinisha, ilhali maji yake hayakubadilika. Na hiyo 1.5 yenyewe si ukuta. Mwongozo huo huo unazitaka nchi zizingatie hali ya hewa na kiasi cha maji ambacho watu hunywa, kwa sababu anayelima juani hunywa mara mbili ya anayekaa ofisini. Zaidi ya hapo kuna magadi. Familia inayochemshia maharage au makande kwa magadi inaweza kuwa inakula floridi nyingi kuliko inayoinywa, maana baadhi ya magadi yetu yamejaa madini hayo, na majani ya chai nayo yana yake. Nimekutana na ndugu wa tumbo moja, waliolelewa kwa maji ya bomba moja, mmoja meno yake yana madoa makubwa na mwingine hayana kitu. Nikipewa kipimo cha maji peke yake siwezi kumtabiria mzazi meno ya mwanawe, na anayedai kwamba anaweza anauza kitu.

Nimewataja wauzaji, basi nisiwapite. Yuko yule anayeuza mitambo ya kusafishia maji, anayekuja na kifaa chenye vijiti vya chuma, akatumbukiza vijiti viwili katika glasi ya maji ya bomba na viwili katika glasi ya maji ya mtambo wake, akawasha umeme. Baada ya dakika moja maji ya bomba yamegeuka tope la kahawia lenye povu la kutisha, na ya kwake yako vile vile. "Mnaona mnachokunywa?" Watu hushika vichwa. Tope hilo, ndugu zangu, limetoka kwenye vijiti. Maji ya bomba yana chumvichumvi, hupitisha umeme, na umeme unapopita hukila kijiti cha chuma, ambacho huyeyuka na kuwa kutu mbele ya macho yenu. Maji yaliyoondolewa karibu chumvi zote hayapitishi umeme, kwa hiyo kijiti hakiliki. Safari ijayo ombeni ruhusa ya kutia chumvi kidogo ya mezani katika glasi yake safi, kisha awashe tena. Nimeona muuzaji akikunja vifaa vyake kwa sababu ya ombi hilo.

Kalamu ya kupimia anayowaachia wateja kama zawadi ni afadhali kidogo, kwa sababu angalau haidanganyi. Wanaodanganya ni wanaoisoma. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme na kukisia jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Maji yakionyesha miligramu 300 kwa lita yanaweza kuwa bora kabisa, au yanaweza kuwa na floridi 4 ndani ya hizo 300, na kalamu haiwezi kutofautisha. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye vinyesi vya ndege yanaweza kuonyesha 20, mwenye kalamu akafurahi, na tumbo likamwendesha usiku huo huo. Kwa maji ya kunywa, bakteria wa kinyesi wanatakiwa wasionekane hata mmoja katika mililita 100, na hao hawaonekani kwa kalamu wala kwa jicho.

Kosa hili la kuamini kwamba kuna kitu kimoja kinachoitwa maji safi, kinachofaa kwa kila kazi, viwandani hulipiwa kwa fedha taslimu. Meneja wa hoteli hupata cheti kwamba maji yake yanafaa kwa kunywa, akayaelekeza kwenye boila ya dobi, yaani mtambo wa kutengeneza mvuke, bila hata kifaa cha kulainishia. Kama ni maji magumu, chokaa hujijenga juu ya mabomba, joto haliwafikii wateja wala mashuka, na bili ya mafuta hupanda kimyakimya mpaka bomba lipasuke. Kama ni haya maji yetu laini, meneja hujiona ameponea, kumbe bikaboneti ndani ya boila huvunjika: sehemu moja huongeza ualkali wa maji (kinyume cha uasidi) mpaka yatoe povu na kusafiri pamoja na mvuke, na sehemu nyingine hutoka kama gesi ya kaboni dioksidi ambayo, mvuke unapopoa na kurudi kuwa maji, hugeuka asidi na kutoboa mabomba ya kurudishia. Maji hayo hayo meneja angeweza kuyanywa asubuhi bila kudhurika tumbo. Kiwanda cha bia hupambana na bikaboneti ile ile kwa sababu huharibu hali ya uchachu inayotakiwa kimea kinapolowekwa. Mtia rangi vitambaa anaogopa chuma kuliko anavyoogopa bakteria: maji ya kisima hutoka maangavu, yakikaa ndooni usiku mmoja hugeuka rangi ya kutu kwa kukutana na hewa, na mzigo wa kitambaa cheupe umekwisha.

Mfano wenye uzito zaidi uko hospitali, katika chumba cha kusafishia damu kwa wagonjwa wa figo. Mashine hupitisha karibu mililita 500 za maji yaliyotengenezwa kila dakika, kwa saa nne, yaani lita 120 kwa kikao kimoja. Mtu anayekunywa lita 2 kwa siku angetumia miezi miwili kuzimaliza. Kati ya maji hayo na damu kuna utando mwembamba tu. Kwa hiyo floridi hairuhusiwi kuzidi miligramu 0.2 kwa lita, na alumini 0.01. Klorini, ambayo katika bomba la mtaani ndiyo mlinzi wetu na ambayo nagomba inapokosekana, huko ndani huvunja chembe nyekundu za damu na ni lazima iondolewe karibu yote. Katika miaka ya 1970 wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu katika nchi zilizoendelea walipatwa na ugonjwa wa ubongo uliokuja kuhusishwa na alumini, ambayo sehemu yake ilitokana na shabu (chumvi ya alumini) iliyotumika kusafishia maji ya mji. Yalikuwa maji safi kwa kila aliyeyanywa.

Turudi kwa shule ya bweni, maana hawa wanahitaji jibu la vitendo. Floridi ni suala la maji yanayoingia mwilini kwa kinywa. Haipenyi ngozi kwa kiasi cha kuhofia. Kuoga, kufua, kudeki na vyoo viendelee kutumia kisima kile kile, na fedha zote zielekezwe kwenye lita chache za kila mtoto za kunywa na kupikia. Ya kwanza ni kutafuta chanzo kingine, na ya pili ni mvua: maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa, mapaa ya shule ni makubwa, na kilichobaki ni matangi, kumwaga maji ya mvua za kwanza, na kutia dawa ya klorini. Maji ya mvua yakipungua, yachanganywe na ya kisima kwa uwiano uliopimwa.

Ikishindikana kabisa ndipo tuzungumzie kuchuja. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, huondoa floridi vizuri ukichomwa kwa joto sahihi; ukichomwa vibaya huyapa maji harufu ambayo hakuna mtoto atakayeivumilia. Shaka yangu haiko kwenye mkaa bali kwenye siku unapochoka. Maji ya chujio lililochoka yana ladha ile ile na mng'ao ule ule kama ya chujio jipya, na pasipo kipimo hakuna anayejua. Nimeyakuta majumbani machujio yaliyokuwa yakitunzwa kwa heshima, yamefunikwa kitambaa, na yasiyofanya kazi yoyote. Shabu na chokaa nayo ni njia inayojulikana, lakini hutaka dozi kubwa, mtu makini kila siku, na mahali pa kutupa tope lake. Mitambo ya utando, inayosukuma maji yapenye utando mwembamba, huondoa floridi pamoja na karibu kila kitu, kisha hutupa sehemu kubwa ya maji kama taka yenye floridi iliyokolezwa, na mahali penye uhaba wa maji bado sijapata jibu linaloniridhisha kuhusu taka hiyo iende wapi.

Mkileta sampuli, ya floridi iwe kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji hayo hayo. Ya bakteria iwe kwenye chupa ya maabara iliyotakaswa, ambayo haisuuzwi, na ifike siku ile ile ikiwa kwenye barafu. Kwenye lebo msiandike "maji ya kisima" tu. Andikeni kama ni ya kunywa watoto wadogo, ya boila au ya kufulia, kwa sababu vipimo nitakavyochagua, na bei mtakayolipa, hutegemea jibu hilo.